Nyumba Isiyo na Picha

Rangi waliinunua kopo moja moja, siku tofauti, maduka tofauti, na kila kopo lilifika nyumbani likiwa chini ya kikapu, limefunikwa kwa ndizi mbichi. Doña Zoila Tumbaco alikuwa na miaka hamsini na tisa na maishani mwake hakuwahi kuiba hata sindano. Lakini wiki ile ya Februari alikatiza mitaa ya Guayaquil na rangi yake mwenyewe, ya kupaka kuta zake mwenyewe, akijiona mwizi. Akisikia pikipiki nyuma yake, mgongo ulimkakamaa. Pikipiki ikipita alishusha pumzi na kujicheka kidogo, halafu inakuja nyingine.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Yeye na mumewe Klever walikuwa wanauza nyumba.

Kwingineko mtu akitaka kuuza nyumba anatundika kibao getini, basi. Kwao hakuna aliyethubutu tena. Mwalimu Washington, wa nyumba ya nne kutoka kwao, alitundika chake mwezi wa Oktoba, herufi nyekundu na nambari ya simu. Siku ya tatu bahasha ikapenyezwa chini ya mlango wake: vijana wanaoulinda mtaa wanaomba nusu ya bei. Malipo ya namna hiyo watu waliyaita chanjo, maana ukishayatoa ugonjwa haukupati. Mwalimu angetoa wapi nusu ya bei kabla hajauza? Alipojaribu kuwaeleza hivyo, risasi tatu zikatoboa geti lake mchana kweupe. Akahama na mkewe, nguo zao zikiwa kwenye mifuko ya takataka, na kile kibao kikabaki kinaning'inia mpaka mvua zilipokiangusha.

Zoila na Klever waliliona hilo kwa macho yao, wakaapiana. Nyumba itauzwa bila mtaa kujua. Siku mnunuzi atakapolipa, watapanda basi la kwenda Cuenca, kule milimani alikohamia binti yao na mjukuu, na mtaa utapata habari wakiwa wameshafika. Klever alipakia maboksi ya ndizi bandarini miaka thelathini na mmoja, na boksi moja baada ya jingine ndilo lililozaa nyumba ile, chini kwanza, ghorofa baadaye. Hawakuwa na mali nyingine. Wakiikosa, watamfikia binti yao mikono mitupu, wakalale sebuleni kwake mpaka wafe.

Dalali wao, Ivonne Macías, alikuja na kitambaa cha maua kwapani, akijifanya mteja. Zoila alikuwa mshonaji, kwa hiyo mwanamke mwenye kitambaa mlangoni kwake hakumshtua mtu. Ivonne alikuwa mama wa sauti nene na viatu vya raba, na alizunguka vyumba vyote. Hatimaye akakaa.

"Dada Zoila, nikwambie ukweli au nikupake mafuta?"

"Ukweli."

"Nyumba ni nzuri, ila imejaa wewe." Akainua kidole kuzunguka kuta. "Mnunuzi akiingia anataka ajione yeye humu ndani. Atajionaje, wakati huyu mtoto anamkodolea macho kila pembe? Nimehesabu picha kumi na tisa."

"Huyo ni Doménica, mjukuu wangu. Picha zake zimemkosea nini mtu?"

"Hazijamkosea. Zinamwambia hapa kuna wenyewe. Toa zote, toa na misumari, matundu yazibe. Paka nyeupe. Mapazia weka mepesi. Kitanda kitie mito, mito mingi, kama hotelini. Na siku ya wageni chemsha kahawa na mdalasini dakika kumi kabla hawajagonga."

"Na nje?" akauliza Klever.

Ivonne akamkazia macho. "Nje usiguse. Nje paendelee kuwa pabaya, na pakizidi ubaya nitashukuru. Wageni wangu nitawaambia wafumbe macho mpaka waingie ndani."

"Hiyo kazi naiweza," Klever akasema. "Miaka sita mke wangu ananisuta kwa ajili ya ule ukuta wa mbele. Kumbe nilikuwa natega uchumi!"

Walicheka wote watatu, kisha Ivonne akachungulia dirishani kabla ya kutoka, na kicheko kikaishia hapo.

Kazi wakaianza. Zoila alitoa picha moja baada ya nyingine: Doménica hana meno, Doménica na sare ya shule, Doménica amevaa mabawa ya malaika ya karatasi kwenye mchezo wa Krismasi. Akazifunga kwenye shuka na kuzitia chini ya mashine ya kushonea. Klever aling'oa misumari kwa koleo, akaziba matundu, akayasugua kwa msasa mpaka kiganja hakikuona palipokuwa na kitu. Wakapaka. Joto lilikuwa la kutokota, la msimu wa mvua, na madirisha hawakuweza kuyafunga, maana nani Guayaquil hufunga madirisha mwezi wa pili? Mfunga madirisha ana la kuficha. Wakayaacha wazi, na harufu ya rangi ikajitokea zake barabarani bila kuomba ruhusa.

Siku ya tatu Don Holger, mwenye duka la ng'ambo, alikuja kuegemea nondo za dirisha.

"Jirani! Harufu ya rangi imeingia mpaka kwenye mikate yangu. Kulikoni?"

Angeweza kumwambia chochote. Angesema ukungu, angesema mchwa, angesema Klever amechoka kukaa bure. Watu wanaoogopa hawachagui maneno, na Zoila alikuwa ameogopa siku tatu mfululizo bila kupumzika.

"Ni ile kumi na tano ya Doménica," akasema. "Tutamfanyia hapahapa."

"Haa! Kumbe!" Don Holger akapiga nondo kwa furaha. "Na unanificha mimi, niliyempa peremende tangu hana meno? Jirani, umenivunja moyo. Nikaribishe basi!"

"Umekaribishwa, Don Holger."

Uongo ulikuwa umekaa sawasawa, kiasi cha kutisha. Kwao binti akifikisha miaka kumi na tano, nyumba hupakwa rangi, hata ile ambayo haijaonja brashi tangu ijengwe. Bibi atauza cherehani, babu atauza saa, lakini msichana atavaa gauni la kuburuza chini na kucheza na baba yake mbele ya watu. Hakuna sababu nzuri ya rangi kuliko hiyo. Kabla ya jua kuzama wanawake watatu walikuwa wameshapita. Mmoja alijitolea kuoka keki ya ngazi tatu. Mwingine alikuja na viti ishirini vya plastiki, akasema vingine vitafuata. Wa tatu alitaka tu kujua gauni litakuwa la rangi gani, kwa sababu binti yake mwenyewe alivaa waridi na watu bado wanalitaja. Zoila aliwashukuru, akawakumbatia, na aibu ilimchoma, kwa sababu walimpenda kweli na yeye alikuwa anajiandaa kuwatoroka.

Walipoondoka, Klever alisimama katikati ya viti ishirini.

"Zoila, umewaambia nini?"

"Nimesema lililokuja mdomoni."

"Lililokuja mdomoni ni sherehe? Mke wangu, tunajificha kwa sababu ya hela, halafu unatangaza sherehe! Sherehe si ndiyo hela yenyewe? Ungesema tuna kipindupindu!"

"Kipindupindu hakipakiwi rangi, Klever."

Klever akaanza kucheka, naye Zoila akacheka, wakakaa kila mmoja kwenye kiti chake cha plastiki huku wanafuta machozi.  Lakini anayefanya sherehe mtaani lazima ajulikane na Shemeji, na hilo wote wawili walilijua.

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Ndivyo mtaa ulivyomwita, kwa kuwa jina lake halisi watu waliona heri lisipite midomoni mwao. Bahasha za chini ya milango zilitoka kwake.

Siku mbili zikapita, hakutokea. Ivonne akapiga simu, akiongea kama yule mteja wa kitambaa. "Lile gauni limepata mteja," akasema. Wateja walikuwa mke na mume, wastaafu wa kiwanda cha sukari huko Milagro, waliotaka kuishi karibu na mtoto wao mjini. Hela walikuwa nayo tayari. Walishaona picha za vyumba kwenye simu, wamevipenda, kilichobaki ni kuja kuona kwa macho. Jumamosi saa tano asubuhi, na wakiulizwa na mtu njiani watasema wameleta keki.

Zoila alikata simu akabaki ameishika.

"Na hao wazee?" akamuuliza mumewe. "Wakishahamia humu, si wataletewa bahasha na wao?"

"Usianze," akasema Klever.

"Nauliza tu."

"Usiulize, Zoila. Nakuomba."

Hakuuliza tena. Alichukua tambara akasugua sakafu mpaka ikang'aa. Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imegeuka nzuri, nzuri ya kumtia wivu mwenyewe. Mwanga uliingia sebuleni kupitia mapazia mepesi ukatulia ukutani, na ndimu za kijani alizozijaza kwenye bakuli la kioo zilipendeza kuliko ua lolote. Miaka yote ile waliishi humo na hawakuwahi kuiona hivyo. Alikasirika kidogo, kwamba ilibidi waikimbie ndipo waipambe.

Jioni walifanya mazoezi. Klever alikuwa mnunuzi, anaingia na kofia yake ya bandarini.

"Bibi, habari za hapa? Maji yanatoka?"

"Yanatoka alfajiri mpaka saa mbili, ila tuna tanki..."

"Usiseme ila! Sema tanki kwanza."

"Tuna tanki kubwa, halijawahi kutuangusha."

"Na mtaa? Mtaa umetulia?"

Zoila akamtazama. Hilo walikuwa hawajaliandalia jibu.

"Umetulia," akasema, na kuanza kuzipanga upya ndimu.

Ijumaa saa tisa alasiri mlango ukagongwa mara tatu, polepole. Zoila alidhani ni viti.

Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na sita, amenyoa vizuri, ananukia sabuni, shati limepigwa pasi. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, mwenzake alikuwa amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, na Don Holger alikuwa anashusha mlango wa duka lake saa tisa alasiri.

"Shikamoo, Doña Zoila."

"Marahaba, mwanangu." Ilimtoka kabla hajafikiri.

"Nimesikia kuna sherehe," akasema Shemeji. "Nimeumia, nisikufiche. Muoka keki anajua, mwenye viti anajua, mimi nimeambiwa na watu wa mbali. Mimi ni mgeni hapa?"

"Tulikuwa tunakuja kukuomba ruhusa," Klever akadakia kutoka ndani. Alikuwa amesimama na ufagio, hajui auweke wapi. "Ni mambo tu yametuzonga."

"Sijakataa, mzee. Nimekuja kuona ukumbi."

Akavua kofia, akajipangusa viatu kwenye kitambaa cha mlangoni, akaingia. Hivyo viatu vilimtisha Zoila kuliko bunduki ambayo hakuiona. Mtu anayekuja kuvunja hajipangusi viatu.

Alitembea taratibu. Aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Akafungua bomba la jikoni, akaona maji yanakuja kwa nguvu, akalifunga. Akasogeza pazia kuona upepo unatoka upande gani. Akauliza tanki linachukua lita ngapi, Klever akamjibu, na Zoila akamtupia mumewe jicho, maana maswali yalikuwa yaleyale waliyoyafanyia mazoezi. Akapanda ghorofani nao wakamfuata, hawakuitwa na hawakukatazwa. Chumbani alikaa kitandani, akaruka-ruka kidogo kulipima godoro.

"Mito sita," akasema. "Mnalala wangapi humu?"

"Wawili," akajibu Zoila.

Akacheka, kicheko cha kijana wa kawaida. Kisha akatazama ukuta mmoja, akageuka akatazama mwingine.

"Huyo binti wa sherehe anaitwa nani?"

"Doménica."

"Picha yake iko wapi?"

 Chini, barabarani, mtu alipita na toroli la maembe anayanadi.

"Mama yangu ana chumba na jiko," akasema Shemeji, bila haraka, "na sura yangu iko mpaka mlango wa choo. Siwezi hata kujisaidia bila kujiona nimevaa sare ya chekechea. Bibi anamfanyia mjukuu kumi na tano, na ukutani kwake hamna picha hata ya kusingizia?"

"Tulizitoa tupake rangi," akasema Klever.

"Rangi imekauka, mzee." Akainuka, akapitisha kiganja ukutani, juu, chini, anatafuta. "Na anayetoa picha ili apake rangi anaacha msumari. Nyinyi mmeng'oa. Mmeziba. Mmepiga na msasa. Kazi safi." Akawageukia. "Mnauza."

 Zoila alishika fremu ya mlango. Alitaka kusema hapana, akafungua mdomo, na badala yake akasikia meno yake yanagongana, kwenye joto lile la Februari. Aliona aibu. Aliogopa mpaka akaona aibu.

"Mngeniambia tu," akasema Shemeji. "Mnadhani mimi nyoka? Dalali nani?"

"Hakuna dalali," Klever akasema.

"Sawa. Hakuna." Akakaa tena kitandani, akauweka mto mmoja mapajani na kuupigapiga. "Basi nimenunua mimi. Mama yangu magoti yamemwisha na kule anakokaa maji yanaingia mpaka uvunguni. Hapa atapapenda. Kitanda kiacheni, mapazia yaacheni, zile ndimu ziacheni vilevile. Jumapili saa nne naja naye."

"Mwanangu," akasema Zoila, "hii ndiyo..."

"Najua. Ndiyo mliyo nayo." Hakuongeza sauti hata kidogo. "Sikiliza, Doña Zoila. Mama yangu anajua nina pikipiki za kukodisha. Mtamwambia mmeniuzia. Mtamwambia nimelipa. Mkilia, mlie kwa furaha. Karatasi atazileta mtu wangu baadaye, mtatia sahihi." Akavaa kofia. Mlangoni akasimama. "Cuenca kuna baridi sana. Huyo Doménica mpelekeeni sweta."

Mtaa mzima ulijua binti yao alihamia Cuenca, haikuwa siri. Lakini jina la mji ule na jina la mtoto, yakiwa pamoja mdomoni mwake, yalimfanya Zoila akae chini pale pale kwenye ngazi, na hakuinuka mpaka giza lilipoingia.

Jumamosi asubuhi walimpigia Ivonne. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti isiyo nene tena, "Wale wazee nitawarudisha. Dada, futa namba yangu." Akakata.

Saa tano, saa ambayo keki ilipaswa kufika, Klever alichukua nyundo akaingia jikoni. Zoila alimkuta ameiinua juu ya sinki.

"Akitaka nyumba, atapata gofu," akasema Klever. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Navunja choo, navunja vigae, navunja ngazi. Nilijenga kwa mgongo wangu, naweza kubomoa kwa mkono wangu."

"Vunja," akasema Zoila. "Halafu kesho atakapokuja na mama yake tumwambie nini? Na akishakasirika, ataanza na nani?"

"Nitakwenda kituoni."

"Nenda. Ukishatoka mlangoni wataona umekwenda wapi kabla hujafika kona. Klever, amemtaja mtoto."

Nyundo ilikaa juu muda mrefu. Halafu Klever akamkabidhi mkewe, akiangalia pembeni. Siku nzima iliyobaki walipanga mifuko miwili, na picha kumi na tisa ndizo Zoila alizoweka kwanza. Wanawake wa mtaa hawakupita. Mwenye viti alimtuma mtu kuvichukua, hakuuliza sababu. Habari zilikuwa zimeshawafikia wote, na hakuna aliyezisema kwa sauti.

Usiku ule hawakulala. Asubuhi, bila kukubaliana, Zoila alichemsha kahawa na mdalasini. Mkono ulizoea, au uliogopa, yeye mwenyewe hakujua.

Saa nne kamili mama alishuka kwenye gari. Alikuwa mfupi, miguu imevimba, gauni la misa limenyooshwa, na mikononi alikumbatia beseni la plastiki lenye sahani zilizofungwa kwa magazeti. Aliitwa Doña Betsabé. Alimbusu Zoila shavuni kabla hajamtazama vizuri, akaomba radhi kwa usumbufu, akaingia, akasimama.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Mama yangu mzazi, tazama mwanga."

Akagusa pazia. Akaenda kwenye bakuli la ndimu, akachukua moja, akainusa, akairudisha mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Akauliza jua la asubuhi linaingia upande gani, kwa ajili ya maua yake. Akauliza kama ngazi zina mahali pa kushikilia. Zoila alimjibu yote, kwa ufasaha, tanki kwanza. Mwanawe alibaki sebuleni, amekaa na Klever kwenye kochi, mkono wake juu ya bega la mzee, na mifuko miwili ikiwa kati ya miguu ya Klever.

"Nionyeshe jiko linavyowashwa," akasema Doña Betsabé, akamvuta Zoila kwa kiwiko.

Jikoni hakutazama jiko. Alisogea karibu mpaka Zoila akasikia pumzi yake.

"Wewe ni mama kama mimi," akanong'ona. "Niambie. Amekulipa?"

Vidole vyake vilimkaza kiwiko, na macho yake yalikuwa mlangoni. Zoila akaelewa kwamba mama huyu naye anaogopa, na hajaanza leo. Kama kulikuwa na dakika ya kusema, ilikuwa ile. Neno moja tu. Huenda mama angepiga kelele, angempiga mwanawe kofi, angekusanya sahani zake na kutoka. Huenda. Lakini kupitia mlangoni Zoila aliona bega la Klever, na mkono juu yake, na uso wa kijana umegeuka upande wa jikoni, unasubiri jibu kama mama yake.

"Amelipa," akasema.

"Yote?"

"Yote, Doña Betsabé. Hatujawahi kupata mnunuzi mwema kama yeye."

Sentensi ya mwisho hakuombwa na mtu. Aliongeza mwenyewe, ili isibaki shaka.

Mama akafunika uso kwa viganja, akalia, mabega yote yanacheza. "Mungu akubariki," akasema. "Watu wananiambia mambo, mwanangu. Kanisani nikikaa, wanahama benchi. Nikasema, nikimwona mwenye nyumba uso kwa uso nitaujua ukweli. Sasa nimeujua." Akajifuta kwa pindo la gauni, akaita kwa nguvu, "Baba! Njoo nikubariki!"

Shemeji akaja, akapiga magoti kwenye sakafu ambayo Zoila aliing'arisha, akainamisha kichwa. Mama akamwekea mkono.

"Njooni na nyinyi," akawaambia Zoila na Klever, uso wake unang'aa kwa machozi. "Tumwombee wote, katika nyumba yake."

Klever akaja. Zoila akaweka kiganja chake juu ya kichwa kile. Kilikuwa cha moto, na nywele zilikuwa zimekatwa vizuri. Mama alipomaliza kuomba, Zoila akaitikia amina, kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, asije kijana akadhani hakuitikia.